Chupa Yenye Uzi Mwekundu

Nilimfokea mama yangu mbele ya wageni kwa sababu ya dende ishirini na wanne. Hasira ile haijaniisha hadi leo, ingawa imebadilisha mara nyingi mtu wa kumwelekea.

Dende ni wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao vitabu vya shule vinawaita simbilisi. Kwetu hukimbiakimbia jikoni kati ya miguu ya watu wakiokota maganda, na akifika mgeni wa maana, mmoja wao hana bahati. Lakini hawa ishirini na wanne hawakuwa wa kitoweo. Walikuwa wa utafiti, na mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji wao, fundi wa maabara mwenye koti jeupe lenye mfuko uliochanika.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya kukodi mtaa wa Himbi, mjini kwetu. Profesa aliyetuajiri, mtu wa kutoka nje, alileta unga wa dawa katika sanduku lake mwenyewe. Alitueleza kwamba ndani ya goti la mzee mna vimeng'enya vinavyotafuna gegedu, ile sehemu laini inayozuia mfupa usisage mfupa, na kwamba dawa yake inavifunga mdomo. Dende akinenepa na kuzeeka, magoti yake huchakaa yenyewe kama ya binadamu, bila kuumizwa na mtu. Basi kumi na wawili wapewe dawa na kumi na wawili wapewe maji ya sukari, kila asubuhi, mdomoni, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Mwisho wa yote tungewafungua magoti tuone ni kikundi gani kimechakaa zaidi.

Wenzangu waliifanya kazi ile kama kazi nyingine yoyote. Mimi nilikuwa na magoti mawili kichwani, ya mama. Alishuka kutoka milima ya Masisi akikimbia vita, mimi mgongoni, kaka yangu mkononi, na tangu hapo hakuacha kubeba: maji, makaa, viazi vya watu, juu ya mawe haya ya volkano yanayokula viatu kabla hayajala miguu. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Mabanga, mji uleule. Mama, Mkatoliki wa misa ya kwanza, alikuwa ameacha kupiga magoti kanisani. Wenzake waliposhuka chini, yeye alibaki ameketi kwenye benchi akitazama mikono yake, na nilijua anaona aibu. Kila niliporudi kutoka kazini aliuliza swali lilelile.

"Ile dawa ya dende itamaliza kujaribiwa lini?"

"Bado, mama. Pole pole."

Nilipenda kulijibu swali hilo. Nilijiona mtu.

Kisha vita ikarudi. Milio ya bunduki ilisikika upande wa Munigi, barabara ikajaa watu na magodoro, na Himbi nzima ikahama kwa asubuhi moja. Profesa alivuka mpaka wa nchi jirani na gari la kwanza. Aliniachia ujumbe kwenye simu: niwatunze wanyama, nisikatishe dawa hata siku moja. Hakuuliza nitalala wapi. Hakuuliza kama nina mama. Na mimi, mjinga mtiifu, nilipakia vizimba kwenye chukudu, lile toroli letu la mbao la magurudumu mawili, nikavisukuma mpaka Mabanga huku watu wakinicheka kwamba wenzangu wanaokoa watoto, mimi naokoa mboga.

Sikukaa hata siku mbili. Vijana walikuwa wanakamatwa njiani ili wabebeshwe masanduku ya risasi, na mama akasema nivuke mpaka nami.

"Na dende nani atawaangalia?"

"Si mimi niko? Nionyeshe."

Mama hajui kusoma. Nilifunga uzi mwekundu kwenye chupa ya dawa niliyoikoroga na kwenye vizimba kumi na viwili, uzi wa buluu kwenye chupa ya maji ya sukari na kwenye vizimba vilivyobaki. Dawa niliyoacha ilitosha miezi mitatu. Alirudia maelezo yangu neno kwa neno, akamshika dende wa kwanza kwa mkono mmoja, akamnywesha vizuri kuliko mimi. Niliondoka moyo umetulia.

Niliporudi, baada ya wiki tano, nyumba yetu ya vyumba viwili ilikuwa na wakimbizi kumi na mmoja, ndugu na majirani wa zamani kutoka Masisi. Walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na siku nyingine walikuwa hawali. Dende wote ishirini na wanne walikuwa hai, wanene, manyoya yanang'aa. Mama alikuwa amewaambia wageni kwamba anayekula dende wa hospitali magoti yake yanalegea na hatembei tena, nao, watu waliotoka kutembea siku nne, wakaona heri njaa. Nilicheka hadi nikatokwa na machozi. Nilimkumbatia. Nikamuuliza dawa ilikwenda vipi.

"Muzuri. Ile ya uzi mwekundu niliwapatia bote."

"Bote? Wote ishirini na wanne, mama?"

"Bote, mutoto yangu. Ile ya buluu nilionja. Ni maji na sukari tu. Sasa nitamupatia huyu dawa, na huyu mwenzake iko ananiangalia, namupatia maji? Bote si banazeeka?"

Hapo ndipo nilipofoka. Nilimweleza kwa kelele kwamba bila wale wa maji hakuna cha kulinganisha, kwamba miezi yote ile imekwenda bure, kwamba sasa hakuna mtu duniani atakayejua kama dawa inafanya kazi au haifanyi. Nikamwambia ameharibu dawa ya magoti yake mwenyewe. Nikamwita mjinga. Mama yangu, mbele ya watu kumi na mmoja aliowapa mahali pa kulala.

Hakupandisha sauti.

"Kwa kambi walitupanga mistari mbili," akasema. "Wenye jina yao ilikuwa kwa liste, walipata dawa. Wenye hawakukuwa kwa liste, waliambiwa warudie kesho. Kaka yako alikuwa anahara. Nilimubeba, wakasema kesho. Nikarudia, wakasema kesho. Siku ya tatu nilirudia peke yangu."

Nilijua kaka yangu alifia katika kambi ya wakimbizi, tuliposhuka kutoka Masisi. Habari ya mistari sikuwa nimeambiwa kamwe. Ningepaswa kukaa chini, nimshike mkono. Sikukaa. Nilizidi kukasirika, nikatoka nje kupiga simu.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Akasema matokeo yamekufa, na kosa ni langu, kumwachia kazi ya sayansi mtu asiyesoma. Mimi nikajibu, "Ndiyo, profesa." Neno hilo bado linaniwasha mdomoni. Ningemwambia kwamba mtu asiyesoma aliwaweka hai wanyama ishirini na wanne katikati ya vita na njaa, wakati msomi alikimbia na sanduku lake. Nilisema ndiyo, profesa. Akaendelea kwamba wataanza upya katika nchi nyingine, mahali penye utulivu. Wanyama niwamalize, na nyama ichomwe kabisa, isiliwe na mtu.

Niliwadunga sindano ya kuwaua mmoja mmoja uani. Kuwazika haikuwezekana, ardhi yetu ni mwamba mtupu, hata kaburi la paka linataka sururu. Niliichoma mizoga katika nusu pipa. Harufu ya nyama ilijaa uani, na wale wageni wa mama, waliokuwa wamelala na njaa wiki tano kando ya wanyama hao bila kugusa hata mmoja, walisimama mlangoni wakitazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha aligeuka akaingia ndani. Niliwakasirikia hata wao, kwa kutazama.

Kabla ya kuichoma nilikata magoti machache, ingawa hakuna aliyeniomba, nikayafungua kwa wembe juu ya benchi la jikoni. Gegedu lilikuwa laini, jeupe, linateleza chini ya kidole. Laini kuliko nini, sikuweza kusema. Pengine dawa ile ilikuwa nzuri. Pengine dende wale walikuwa na magoti mazuri tu tangu kuzaliwa.

Jioni nilikusanya chupa nizioshe. Ile ya uzi mwekundu ilikuwa imebaki na dawa kidogo chini, kama vijiko vinne. Mama alikuwa ameketi kizingitini, kanga ameipandisha, anajikanda goti kwa mafuta ya mawese kama kila siku. Lilikuwa limevimba kuliko nilivyoliacha. Wiki tano alikuwa ameinama mara ishirini na nne kila asubuhi.

"Mama," nikasema, "dawa yote hii ulikuwa nayo mkononi. Hukunywa hata kijiko?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza kama aliiba.

"Ningekunywa namna gani? Jina yangu haikukuwa kwa liste."

Kisha akashika mwimo wa mlango, akajaribu kuinuka, akarudi chini, akajaribu tena, akaenda kuwapikia wageni.