Mdhamini wa Kwanza

Nilikuwa kidato cha tano nilipoandika CV yangu ya kwanza, likizo ya mwezi wa sita. Baba tulikuwa tumemzika mwezi wa nne, migombani, nyuma ya jiko, hapa hapa kijijini kwetu Nkoaranga. Watu walitegemea nilie. Sikulia. Niligawa chai msibani, nikaosha vikombe, nikarudi bwenini, nikafanya mitihani, nikafaulu. Shangazi akasema nina moyo wa jiwe. Haya, jiwe basi.

Nyumbani ndiko kulikonishinda. Mama alikuwa anakaa sebuleni tangu asubuhi na simu ya baba mapajani. Aliichaji kila siku, na akipigiwa aliipokea. Tuliongea habari za maharage na majani ya ng'ombe, basi. Neno "amefariki" sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na kwangu pia lilikuwa halijatoka. Wageni ndio waliotusemea.

Halafu nikaona tangazo sokoni Tengeru. Kitalu cha miche kilitaka msichana wa kuandika vibao na kupokea wateja, mwezi mmoja, alete CV. Nikaitaka ile kazi. Tangu msiba sikuwa nimetaka kitu chochote, hata chakula nilikula kwa sababu kimepakuliwa, lakini kazi ile niliitaka kweli. Si kwamba napenda miche, wala! Nilitaka mahali pa kushinda ambapo hakuna anayeniangalia kwa huruma. Nikiikosa, ni mwezi mzima sebuleni na mama na ile simu. Ningerukwa na akili.

Nikaenda steshenari; dada wa pale alikuwa na CV moja kwenye kompyuta, kila mteja anabadilishiwa jina.

"Uzoefu wa kazi?"

"Sina."

"Acha wewe! Mmeru gani hana uzoefu? Hujawahi kuchuma kahawa?"

"Nimechuma."

"Ng'ombe je?"

"Nakata majani."

Akaandika: shughuli za kilimo na mifugo, miaka kumi. Kwenye mambo ninayopenda hakuniuliza hata, akaacha ya mteja aliyepita: kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo. Mimi huyo, ambaye sikuwa na wazo la kubadilishana na mtu.

"Wadhamini watatu," akasema.

Hapo ndipo nilipoharibu. Tangu chekechea kila fomu iliniuliza jina la baba na namba yake ya simu. Fomu ya shule, ya bweni, ya kipaimara. Mdomo umezoea. Nikamtajia jina la baba, namba yake, kazi yake mkulima. Wa pili mchungaji wetu, wa tatu mwalimu wa bailojia. Akachapa. Nikaisoma karatasi mara mbili, nikasaini, nikaipeleka kitaluni siku ileile. Jina lake nililisoma kabisa, na nikaona liko sawa.

Siku ya pili yake simu ikalia mapajani kwa mama. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni, nikamsikia akisema, "Ametoka kidogo. Jaribu kesho." Akakata.

"Nani huyo, mama?"

"Mwenye kitalu. Anamtafuta baba yako, eti ndiye mdhamini wako."

Mkono ukasimama kwenye mboga. Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza.

"Si umemwandika?" akauliza.

"Nimemwandika. Na wewe umesema ametoka."

"Nimesema."

Nikarudi kwenye mboga. Baadaye akasema, taratibu, kama anayepanga nani ataenda mashineni kusaga, "Kesho baba yako mdogo aje apokee yeye. Sauti zao ni moja. Mwenye kitalu, mama wa watu, hatajua."

Nikakubali. Sitajitakasa hapa, nilikubali na nikaona ni mpango mzuri. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Asubuhi baba mdogo akaja, akapewa chai. Mama akampa simu, akamweleza. Akakohoa kidogo, akajaribu: "Ndiyo, huyo ni binti yangu. Hana matata."

Jamani! Ilikuwa sauti ya baba. Si kufanana, ilikuwa yenyewe, mpaka lile "matata" la kuvuta. Miezi miwili sijahisi kitu, halafu naletewa hili na kikombe cha chai. Nikaogopa, nikakasirika, sijui ni kipi kilitangulia. Nikaichukua simu mkononi mwake bila hata kuomba, mimi mtoto wa kike, mbele ya mkubwa wangu, nikaipigia ile namba ya jana.

Yule mama akapokea mara moja. Alikuwa ameshaihifadhi namba.

"Shikamoo mzee!" akasema kwa uchangamfu. "Jana sikukupata."

Salamu ile haikuwa yangu kuitikia. Nikanyamaza hadi akasema haloo, haloo.

"Ni mimi, niliyeleta CV. Shikamoo. Baba amefariki. Tulimzika mwezi wa nne. Nilimwandika kwa mazoea."

Akauliza, "Mbona jana nimeambiwa ametoka? Binti, mimi hapa kitaluni siweki mtu muongo. Nani alisema ametoka?"

Nikamwangalia mama. Kumtaja singeweza, na kusema ni mimi ndiyo kuipoteza kazi. Mama akanyoosha mkono. Nikampa.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ni mke wake. Nilishindwa kusema kwamba amekufa. Mtoto ndiye ameweza."

Akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema asante mara tatu. "Jumatatu atakuja," akamalizia, akakata.

Baba mdogo alikuwa anatazama chai yake. Mama akanigeukia.

"Amekufa," akaniambia.

"Ndiyo, mama," nikamjibu.