Mama Niliyemfuta

Mume wangu hupiga picha za watu wanaovishana pete za uchumba, na mimi huzisafisha. Yeye hujibanza nyuma ya mti na kamera yake akimsubiri kijana apige goti. Mimi hubaki chumba cha nyuma cha studio, feni ikinipuliza miguu, nikingoja kazi iletwe. Sijawahi kumwona binti hata mmoja akivishwa pete kwa macho yangu. Nawaona kwenye kompyuta tu, lakini nawajua: nani kalia machozi ya kweli, nani kaziba mdomo kwa sababu kaona wenzake huziba mdomo, nani alishapashwa habari tangu jana na kucha kashaenda kupaka.

Kazi yangu kubwa ni kufuta watu. Mahali pa wazi hapakosi mzee anayepiga chafya wala mlinzi anayejikuna mgongo, na mteja aliyelipia mapenzi hataki kumwona mlinzi akijikuna. Basi namfuta, naweka ukuta au majani pale aliposimama, na huwezi kujua kama alipita. Wenzangu wa kazi hii waliniita Kifutio. Kwa jinsi nilivyoringa na jina hilo ungedhani ni shahada. Siku hizi mtu akiniita hivyo natamani ardhi ipasuke.

Ilianza na kazi ya bustanini, pale penye chemchemi. Kijana kapiga goti, dada zake wamesimama nyuma yake wamevaa sare inayong'aa, binti kajishika kifua. Kila kitu kizuri. Ila pembeni, karibu na nguzo ya lango, kasimama mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli ya kijivu, kitambaa kichwani, ndoo ya kudekia mkononi. Yumo kwenye picha karibu arobaini, na kivuli chake kimelalia sketi ya binti. Nilihangaika naye siku mbili nzima. "Huyu mama naye hana kwao?" nilimwambia mume wangu kwa hasira.

Kabla sijammaliza nilichukua picha moja, nikamzungushia mama yule duara jekundu, nikaandika juu yake kwa herufi nene: NDOO NAYO IMEKUJA KUPOSWA. Nikaituma kwenye kundi la simu la wahariri wenzangu pamoja na ile niliyoisafisha, wauone ufundi wangu. Wakaangua vicheko. Mmoja akajibu, "Mwambieni aitue basi, avishwe pete." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikamtumia mteja picha zake safi, na zile za mwanzo nikazitupa zote, maana mashine yetu hujaa upesi.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mume wangu akiwa kazini, mwanamke mmoja alibisha hodi. Amevaa gauni lililopigwa pasi vizuri, mkoba kaukumbatia. Nilimkaribisha kiti.

"Mwanangu, ndiyo ninyi mliopiga picha za bustanini? Nimeona jina lenu kwenye simu ya mwanangu."

Nilimtambua kabla hajaketi vizuri. Mtu uliyehangaika naye siku mbili, kope kwa kope, utamsahau vipi?

Akanieleza taratibu, bila kulaumu mtu. Binti wa chemchemi ni mwanawe, wa pekee. Kijana alikuwa amemwita kwa siri, aje ashuhudie, kisha ajitokeze. Yeye hufanya usafi kwenye ofisi zilizo ng'ambo ya barabara, akaomba ruhusa ya nusu saa. Kubadili nguo hakuwahi, na ndoo hakuweza kuiacha, kwa sababu ukiiacha unaikuta imetembea.

"Nilipofika nikaona wakwe wamependeza. Miguu ikakataa. Nikasema, ngoja nione kutoka hapa hapa. Nikaona yote, nikalia, nikarudi kazini."

Kijana hakumwona, akamwambia binti kwamba mama aliitwa na hakuja. Binti aliposikia akawaka. Tangu mwanzo alihisi mama hampendi huyo mchumba, na sasa akasema amemsusia siku yake. Mama akajitetea kwamba alikuwepo, kasimama kwenye nguzo. Binti akazipitia picha zote mbele yake, moja moja. Kwenye nguzo hapakuwa na mtu.

"Akaniambia, 'Njia ya mwongo ni fupi, mama.' Mimi! Sasa simu zangu hapokei. Harusi ni Jumamosi hii, na mama yake mdogo ndiye atakayekaa mahali pangu." Akanyoosha gauni magotini. "Naomba picha moja tu ambayo nimo. Hata kisogo."

Nitasema nilichosema, ingawa naona haya. Nilisema, "Kamera haikufika upande ule, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka. "Haya, mwanangu. Ahsante. Mungu awabariki na kazi yenu."

Angenitukana, ningemwacha aende. Ni ile ahsante iliyonichoma. Nikamshika mkono nikamwomba akae, nikamwambia kweli: alikuwepo, alionekana vizuri, na mimi ndiye niliyemtoa.

"Ulinitoa?" Akafikiri kidogo. "Kwani nilikuwa nimewazuia?"

Nikasema hapana, hakumzuia mtu. Sikuweza kumtazama. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na wangu ulikuwa umetumbuka hapo mbele yangu, kwa maana picha pekee iliyobaki duniani yenye mama huyu ilikuwa ile ya kundini, yenye duara na maneno. Nilifikiri kuyafuta. Lakini mstari ule mwekundu ulimpita shavuni na herufi zilimfunika nusu ya uso. Kuyaondoa kungekuwa kumchora sura nyingine kutoka kichwani mwangu, na mtu aliyeitwa mwongo huwezi kumpa ushahidi wa kuchora.

"Ipo moja," nilisema. "Ila niliichorachora, mama. Niliandika upuuzi."

"Haidhuru. Nimo?"

"Umo."

Hakutaka hata kuiona. Alitaka twende.

Binti alikuwa anaishi nyumba ya kupanga yenye ua mdogo na kamba ya nguo. Mama akabaki nje ya lango. "Tangulia wewe. Akiniona kwanza atafunga mlango." Nikapiga hodi, nikajitambulisha kuwa natoka studio, nikasema kuna picha moja ya siku yake ambayo hatukumpa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, lakini nilipofika nikampa simu tu.

Akaitazama. Akasoma. Na kabla sijafungua kinywa, akacheka.

Kilikuwa kicheko cha ghafla, kizuri, cha mtu asiye na neno na mtu. "Jamani, huyu naye na ndoo yake!" Kisha vidole vyake vikaikuza picha. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo. Alikuwa ameiona ndoo, kama nilivyoiona mimi. Kwamba mwenye ndoo ni mama yake, alikuwa bado hajaona.

Lango likalia. Mama alikuwa amesikia kicheko cha mwanawe, akadhani mambo yamekwisha. Akaja anatembea haraka, uso umechanua.

"Umeiona? Si nilikuambia nilikuwepo? Nilijua ukiiona tu utafurahi."

"Nimeiona, mama," binti alisema. Akaigeuzia simu kifuani.

"Hebu na mimi nijione." Mama akanyoosha mkono, akaichukua, akaisogeza mbali kisha karibu. "Miwani nimeiacha. Ndiyo, ni mimi huyu. Hapa pameandikwaje?"

Binti akanitazama. Niliona anatafuta uongo wa kumstiri mama yake, na labda wa kunistiri na mimi. Nikasema, "Niliandika mimi, mama." Nikamsomea, neno kwa neno, na ya yule mwenzangu wa kundini pia.

Mama hakupaza sauti. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.

"Kumbe ndicho mlichokuwa mnakicheka," alisema.

Binti akapiga magoti sakafuni, akamshika miguu, akisema nisamehe mama, nisamehe. Mimi nilibaki nimesimama. Mama hakuwa amekosea. Wote wawili tulikuwa tumecheka.