Mdogo Wangu Alipohamia Bungoma

Mimi na mdogo wangu tulichezea timu moja ya wanawake hapa Kitale, sote mabeki. Mimi nilisubiri mpira uje, nikautoa bila kumgusa mtu. Yeye aliingia kwa kiwiko, bega na mguu. Watu wa mtaa wetu wa Tuwan walipiga kelele jina lake. Langu sidhani walilijua. Hata kocha alituambia, "Mcheze kama huyu mdogo." Nilikuwa nafunga kamba za viatu, nikazikaza mpaka vidole vikauma.

Siku tulipocheza na timu ya Bungoma kwao, alimkata mshambuliaji wao kwenye kifundo cha mguu. Msichana akabebwa nje akilia, refa akatoa kadi nyekundu, na mimi nikafurahi kimoyomoyo. Nilisema leo watamwona alivyo. Lakini alipokuwa akitoka, mashabiki wetu walisimama wakampigia makofi. Nilibaki kuziba pengo lake hadi mwisho, tukatoka sare, na hakuna aliyenipa hata pole.

Wiki hiyo mdogo wangu alirudi Bungoma kumwomba yule msichana msamaha. Nilitegemea wamfukuze. Badala yake alirudi amebeba ndizi alizopewa na mama wa msichana. Tangu hapo ikawa ni simu na yule msichana, na kicheko kila jioni. Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja tangu utotoni, nikawa naambiwa, "Ngoja kidogo, dada, naongea." Msimu uliofuata akahamia timu yao.

Tulipokutana nao, nilipanda mbele kwa kona, mpira ukaanguka katikati yetu. Nilimwona akija, nikajikaza. Akaurudisha mguu, akanipisha. Nikapiga juu ya goli.

Baada ya mechi nilimfuata. "Mbona hukunikata?"

"Si wewe ni dada yangu."

"Yule mwenzako ulimkata."

Akanitazama. "Ati ulitaka nikuumize?"

Nilitaka anichukulie kama mtu wa kuogopwa, na nilitaka pia akae siku nzima ananiomba msamaha. Rafiki yake, yule yule aliyemkata, alimwita akiwa amekaa tayari juu ya bodaboda. Mdogo wangu akapanda nyuma yake, wakaondoka wakicheka.

Mpaka leo anaishi huko. Jumapili hunipigia simu, na nikisikia sauti ya yule rafiki yake karibu naye, nasema nina nguo za kufua.