Pale Bogenvilia Ilipokataa

Nilipomaliza kujenga hapa Bariadi, kazi ya kwanza ilikuwa kung'oa minyaa. Mimi na minyaa hatuelewani. Nimekulia ndani yake kule Mwanhuzi: uzio wa minyaa, zizi la minyaa, na utomvu wake uliwahi kuniingia jichoni nikalia kutwa nikidhani nimepofuka. Nikajiapiza kwamba nikipata pangu nitapanda maua. Kiwanja changu kilikuwa kaya ya watu zamani, na kwenye kona moja ilibaki minyaa mizee imesimama kwa duara. Aliyeniuzia hakusema kitu kuhusu duara lile, nami sikuuliza. Nikawapa vijana kazi, wakaing'oa yote na kuirundika nyuma ya choo.

Kiangazi kizima ikakaa pale mizizi juu, na bado kijani. Nilikuwa nikipita naitazama kwa hasira. Kitu kimeng'olewa, hakina udongo wala maji, mbona hakifi?

Maua nilinunua kwa muuza miche wa barabarani, mtu wa maneno mengi. Alinichagulia vizuri, siwezi kumsema. Haibiskasi niiweke karibu na bomba kwa sababu inapenda maji, krotoni zikae kivulini barazani, waridi nisahau kabisa kwa jua hili la Simiyu. Ile kona ya minyaa, iliyobaki wazi, akaniambia niiachie bogenvilia.

"Dada, hii haifi," alisema. "Hii hata ukiitukana inachanua."

Basi, wakati huohuo ndipo mama alipokuja kuishi nami. Mji wetu wa Mwanhuzi, nyumba na zizi lake, ulikuwa umeuzwa, na baba amelala kulekule, ndani ya zizi, kama alivyoagiza mwenyewe. Hakutaka saruji wala jiwe. Alitaka azungukwe na minyaa tu, kama baba zake. Siku ya kuondoka mama alimuuliza kaka yangu jambo moja: "Mnunuzi mmemwambia alipolala baba yenu?" Kaka akajibu, "Tumemwambia, mayu." Tulipokuwa kwenye basi mama akaniuliza mimi swali lilelile. Nikamwambia si umejibiwa, mama, pumzika.

Asubuhi yake ya kwanza kwangu nilikuwa jikoni nachemsha chai. Kupitia dirishani nikamwona anatoka, anazunguka nyumba, anafika kwenye ile kona na kusimama. Akapiga goti kidogo, kama wanawake wa kwetu wanavyomsalimu mzee.

"Mwangaluka, baba."

Akanyamaza, kichwa amekiinamisha. Kisha akaitikia, "Mhola," akaondoka zake. Pale hapakuwa na mtu. Palikuwa na mche wa bogenvilia tu.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kesho yake akarudia, na keshokutwa. Akinyamaza ananyamaza kwa muda uleule ambao mtu mzima anachukua kukujibu na kukuuliza habari za nyumbani. Kicheko kikaniisha.

Halafu bogenvilia ikakauka. Nikanunua nyingine, nayo ikakauka. Nikahamishia pale krotoni iliyonona, ikapukutisha majani yote ikabaki kijiti. Haibiskasi nayo vivyo hivyo. Na hatua chache tu kutoka pale, maua mengine yanachanua mpaka wapita njia wanasimama kuniomba vipandikizi!

"Dada, wewe una mkono gani?" muuza miche akanitania. Sikuwa na hamu ya utani.

Nikamshuku mama. Nilidhani anamwaga maji ya moto, au majivu. Nikaanza kumchunga, lakini mama alikuwa anasalimia tu. Katika kuchungulia huko nikaona lingine: hakuwahi kuikanyaga ile kona. Akitaka kwenda bombani anaizunguka. Na kuku wangu, wasio na adabu hata kidogo, wanaoingia mpaka sebuleni bila hodi, pale hawakuparua. Wakifika ukingoni wanageuka. Nikarudi ndani haraka, jua la saa nne likiwa linawaka.

Lakini hofu yangu kubwa haikuwa kona. Ilikuwa mama mwenyewe. Nimeona wazee wanavyoanza: leo anaongea na ukuta, kesho anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Baba nilikuwa nimeshamzika. Huyu ndiye niliyebaki naye, na niliona anaondoka huku amekaa mbele yangu anakula ugali. Nilikuwa nalia bafuni, nimefungulia bomba asisikie. Nikapanga nimpeleke hospitali.

Jumamosi moja mchana nikasema liwalo na liwe, leo nachimba shimo pana, najaza samadi, bogenvilia iote nijue moja. Mama alikuwa barazani anachambua choroko. Nikachukua jembe.

Udongo wa kiwanja changu ni mweusi wa mbuga, kiangazi unakuwa mgumu kama tofali. Pale jembe lilizama lenyewe. Nikavuta, nikaona udongo mweusi umechanganyika na ule mweupe wa changarawe, ambao haupandi juu mpaka mtu achimbe chini sana kisha afukie. Udongo wa namna hiyo nilishauona. Niliushika mkononi nikaurusha, siku tuliyomzika baba.

Nikabaki nimeinama, jembe mkononi.

"Umefika kichwani kwake," mama akasema kutoka barazani. Hakuinua hata uso. "Toka hapo."

Nilitoka, jamani. Nilitoka bila ndala.

"Mama, ulijua?"

"Mashimo ya minyaa yamezunguka zizi, nisijue? Mimi nimezaliwa mjini?"

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungeita watu wamfukue." Akapuliza makapi ya choroko. "Mimi namsalimia. Simjui, hanijui. Lakini nasema, labda na kule kwetu kuna mtu anatoka nje asubuhi anamsalimia baba yako." Akachota choroko nyingine. "Kaka yako alinidanganya. Nilimwona macho."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikamlalia mapajani nikalia kama mtoto. Mama yangu alikuwa na akili zake zote. Siku zote zile alikuwa na wasiwasi juu ya mume wake, na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Jioni ileile tulichukua minyaa kutoka nyuma ya choo tukairudisha kwa duara. Ilishika siku hiyohiyo, utadhani haikuwahi kutoka. Bogenvilia nikaipeleka getini, na kule inachanua kwa fujo. Na mimi nikaanza kusalimia. Mwanzoni nilisalimia nikiwa mbali, kwa aibu. Sijawahi kusikia kitu. Lakini nikishasalimia nanyamaza kidogo, kwa sababu naona ni vibaya kuondoka haraka.

Mvua za kwanza zilipoanza, simu yangu ikaita asubuhi. Alikuwa mwanamke mmoja, mke wa yule aliyenunua mji wetu. Namba yangu walibaki nayo tangu siku ya mauziano. Sauti yake ilikuwa ya woga.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Tumetoa ile minyaa ya zizini, napanda maua. Kila nikipanda hapa yanakufa. Na kuku wangu hawapiti. Hapa kuna nini?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama alikuwa ameshasimama, ameninyooshea mkono. Nikampa simu.

"Umesimama wapi, mwanangu?" akamuuliza.

"Hapa hapa, mayu. Nina jembe."

"Rudi nyuma kidogo. Umefika kichwani kwake." Mama akakaa, akaishika simu kwa mikono miwili. "Haya. Sasa msalimie. Sema mwangaluka, baba. Mimi nipo, nasikiliza."