Mkalimani wa Kibanda cha Video

Nakumbuka tulipokuwa watoto pale Kinjumbi, msimu wa korosho ndio uliokuwa msimu wa sinema. Kiingilio cha kibanda cha video kilikuwa kopo moja la korosho, na wazazi walijua fika kwa nini magunia yanapungua kabla ya kuuzwa. Tulibanana juu ya magogo ya minazi, jenereta likinguruma nje, harufu ya petroli, jasho na muhogo wa kukaanga vyote pamoja puani. Watoto wa leo wana sinema mfukoni, na bado wananuna eti bando limekata.

Kabla ya picha, vijana walipiga magitaa yao ya galoni na nyaya za breki. Picha yenyewe haikutushughulisha sana. Tulikwenda kumsikia Bwana Selemani, mkalimani. Alisimama kando ya runinga na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, akatufasiria kila neno. Kwake yeye Wachina wote wa kwenye picha walikuwa na shangazi kule Milola. Jambazi akikunja uso, Bwana Selemani aliunguruma, "Leo utarudi Nangurukuru kwa miguu!" Wapenzi wakitaka kubusiana, aliikinga runinga kwa kofia yake na kusema, "Hapo wanaombeana dua, tuwaache." Akina mama walimpenda mno.

Kisha mimi nikapelekwa sekondari. Nilirudi likizo ya kidato cha pili na Kiingereza cha kuokoteza, kichwa kimenivimba. Picha ya siku hiyo ilikuwa ya Kiingereza, ya kijana anayeondoka kwao. Mama yake alisema maneno mawili matatu mlangoni, na Bwana Selemani akailegeza sauti: "Nenda, mwanangu. Radhi yangu unayo." Mama yangu alikuwa anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nami, sijui shetani gani alinipanda, nikapaza sauti: "Hajasema hivyo! Kasema funga mlango!"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Bwana Selemani naye alicheka kidogo, akaendelea, lakini sauti haikuwa ile tena. Kuanzia kesho yake watoto walimfuata njiani wakiimba, "Funga mlango!" Msimu wa korosho haujaisha, akaacha kazi. Mwenye kibanda akaleta kanda zilizotafsiriwa tayari kutoka Dar, na watu wakazoea. Mama hakunipiga. Alisema tu, "Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Kamwombe radhi." Nikasema nitakwenda. Likizo ikaisha sijakwenda, na Mama akafariki sijakwenda.

Sasa mwaka huu vijana wa Kilwa Masoko wakafanya tamasha la muziki na filamu zao wenyewe, ndani ya ukumbi, mchana, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi. Nilifurahi, sitasema uongo. Binti mmoja aliimba Kimatumbi kwa gitaa hadi nikasisimka, ingawa nusu ya wasikilizaji walimpa mgongo ili wajipige picha naye akiwa nyuma yao. Filamu ilipokaribia kuanza, akaingia mzee amevaa koti lililopigwa pasi, anaongozwa na bintiye. Nilimtambua papo hapo. Bwana Selemani alikuwa ameambiwa kuna sinema. Hakutafuta kiti. Alikwenda moja kwa moja kusimama kando ya skrini, akanyoosha mkono apewe kipaza sauti.

Kijana mwandaaji alimfuata kwa adabu. "Shikamoo, babu. Hii ni ya Kiswahili, tumeigiza wenyewe. Haina haja ya mkalimani."

"Marahaba," akajibu, mkono bado kaunyoosha. Masikio yake yalishaharibiwa na jenereta zamani. Ikabidi kijana arudie kwa sauti kubwa, na ukumbi mzima ukasikia. Wachache wakacheka. Kicheko kile nilikijua, na roho iliniuma.

Niliinuka, nikamshika mkono, nikamketisha kando yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Wa Kinjumbi," nikasema. Jina langu sikulitaja.

Katikati ya filamu, kijana wa hapa hapa alikuwa anaondoka kwenda Dar, mama yake amesimama mlangoni. Bwana Selemani akaniinamia. "Mama anasemaje hapo?"

Nikamwambia sikioni, "Anasema, nenda, mwanangu. Radhi yangu unayo."

Aliitazama skrini kwa muda. "Hajasema hivyo," akasema taratibu. "Mdomo wake haukufunguka."

Filamu ilipokwisha, taa zikawaka na muziki wa singeli ukafunguliwa kwa nguvu. Nikaukamata mkono wake. "Nilikukosea, baba. Niwie radhi."

Akakinga sikio. "Eti?"

Enzi zetu jenereta lilinguruma mlangoni, na bado kila neno lake lilitufikia hadi gogo la nyuma. Siku hizi spika zimekuwa kubwa kuliko kabati, na aliyekaa kando yako humsikii. Nilirudia mara ya pili, akatikisa kichwa kuwa hasikii. Bintiye alikwisha kuja kumchukua, na watu walikuwa wanatutazama.

"Nasema filamu imekwisha, baba!" nikapiga kelele.

Hilo alilisikia, akainuka.