Tangi la Tatu

Usiku ule Pampu hakupata hata lepe la usingizi. Majibu ya maji ya kisima cha dada yake yalikuwa yatoke asubuhi.

Jina la Pampu alilipata kwenye kituo cha mafuta, alikofanya kazi miaka ishirini na miwili. Kila asubuhi alitumbukiza kijiti kwenye matangi, akapima, akaandika. Mwaka wa mwisho tangi la tatu, lililofukiwa chini ya sakafu ya kuoshea magari, likawa linapungua usiku kituo kikiwa kimefungwa. Akamweleza meneja.

"Kijiti chako kimezeeka kama wewe," meneja akacheka. "Andika kama jana."

Akaandika kama jana. Alikuwa na watoto wanne shuleni.

Miaka kumi baada ya kituo kufa wakaja wataalamu. Walichimba vishimo vyembamba ili wapime maji ya ardhini, mamlaka ikiridhika nyumba zijengwe pale. Pampu aliwaona wanachimba upande usio wenyewe.

"Funika kombe mwanaharamu apite, baba watoto," mkewe alimwambia. "Watakuuliza ulikuwa wapi siku zote."

Alikwenda hivyo hivyo. Mkuu wao, binti wa miwani, alimkunjulia ramani. "Matangi ni mawili tu, mzee wangu."

"Ramani haijawahi kufanya kazi hapa, mwanangu. Mimi nimefanya."

Walipotoboa sakafu ile, maji yalipanda yakinuka petroli. Ndipo wakaenda kwa dada yake, hatua arobaini kuteremka, na chupa zao. Dada, aliyemlea tangu mama yao afariki, aliwatania: "Hata marehemu mume wangu hakuchunguzwa hivi!"

Asubuhi ya majibu binti wa miwani alimngoja Pampu kwenye geti la kituo. "Yana mafuta, mzee. Si ya kunywa wala kupikia. Tumeshamwambia. Akauliza nani alituonyesha pa kuchimba."

"Mkamwambia?"

"Tulimwambia."

Pampu akateremka. Kisima kilikuwa kimefunikwa na kutiwa kufuli. Akabisha mlango.

"Ni mimi, dada."

Sauti ikatoka karibu kabisa na mbao: "Ulijua tangu lini?"

Angeweza kudanganya. "Nilishuku. Kabla kituo hakijafungwa."

"Miaka kumi unakaa hapa barazani, nikikuletea chai unasema umeshiba. Nikikuletea maji, huna kiu." Akavuta pumzi. "Nami nikawa nakusifia kwa watu, ndugu yangu hana tamaa."

"Dada, nifungulie."

Akasikia komeo likisukumwa kuukaza mlango, kisha kandambili zikienda zake uani, polepole.