Kitana cha Tamme

Wiebke alikuwa amewanyoa wanaume wa kijiji chao huko Frisia, pwani ya kaskazini mwa Ulaya, kwa miaka thelathini, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Wana wa Onken, alizoea kusema, ni walevi wote, hakuna aliye tofauti, wa kuchanwa kwa kitana kimoja. Ndiyo maana alimfukuza Tamme, mdogo wao, alipokuja kumposa binti yake.

Tamme alipokufa, Wiebke ndiye aliyeitwa kumchana nywele.

“Taratibu, jirani,” alisema mama wa marehemu. “Huyu hakuwahi kuonja hata bia.”

“Jamani! Mbona hukuniambia?”

“Uliniuliza lini?”

Wiebke alimchana mpaka mkono ukafa ganzi. Kwa desturi yao, kitana cha maiti huzikwa naye. Akakilaza kifuani pa Tamme. Hicho, angalau, kilikuwa chake peke yake.